Mgonjwa Mmoja Si Kashasha: Kicheko na Kilio Visivyotawalika Kusini mwa Maniema

Haipiti habari ya mtu anayecheka au kulia bila kujimudu, katika upande huu wa Afrika, pasipo mtu kuitaja Kashasha. Shule ile ya bweni ya wasichana karibu na Bukoba imekuwa mfano unaomeza mifano mingine yote. Hoja yangu ni kwamba mfano huo, hata ukiwa sahihi kwa Kashasha yenyewe, hupotosha ukivushwa Ziwa Tanganyika na kupelekwa Kasongo, Kabambare au Lusangi, katika jimbo la Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ili umweleze mgonjwa mmoja aliyekaa peke yake uani kwao. Kabla hatujaitafuta sababu ya kicheko chake katika hofu za jamii, au katika mapepo, ana haki mishipa yake ya fahamu ichunguzwe.

Tuanze na ripoti ambayo wengi huitaja na wachache huisoma. Iliandikwa na A. M. Rankin na P. J. Philip, ikachapishwa 1963. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu walianza kucheka. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, 95 kati ya wanafunzi 159 walikuwa wamepatwa, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyeguswa. Wasichana waliporudishwa makwao, mkasa ukaibuka Nshamba, ambako watu 217 walipatwa kati ya Aprili na Mei, wengi wao vijana. Kashasha ikafunguliwa tena Mei, na kabla Juni haijaisha ikafungwa kwa mara ya pili. Shambulio moja liliweza kudumu saa chache au kuendelea hadi siku 16. Wagonjwa walihangaika, wakakimbia, wengine wakadai kuna mtu anawafukuza. Walipimwa damu, wakachukuliwa maji ya uti wa mgongo, na ugonjwa haukuonekana.

Ripoti hiyo inasema nini kwa msomaji makini? Inasema kwamba hali iliambukizwa kwa kuonana, ilichagua rika na cheo, ilidumu muda mrefu, na haikuacha alama mwilini. Benjamin Kagwa, alipoandika 1964 juu ya mihemko ya umati katika Afrika Mashariki, aliitafuta sababu katika mvutano wa mila na mambo mapya. Christian Hempelmann, mwaka 2007, alirudi kwenye ushahidi na kuonyesha kwamba kicheko kilikuwa dalili moja tu kati ya nyingi, wala hakikuhusiana na furaha wala mzaha. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na wanaoigeuza habari hiyo kuwa kanuni, kana kwamba kila kicheko cha Mwafrika kisicho na sababu ni ujumbe wa jamii unaongoja mfasiri.

Sasa mweke kando ya wasichana wale mgonjwa wa aina ya pili. Kicheko au kilio chake huja ghafla, hudumu sekunde au dakika chache, kisha hukatika. Kila kinapokuja huwa na sura ileile. Huchochewa na jambo dogo: salamu, jina la mtoto, swali la daktari. Wakati mwingine hucheka akipewa taarifa ya kifo. Ukimuuliza, atakwambia hakuwa na furaha, tena anaona haya. Mara nyingi humeza kwa shida, ulimi ni mzito, au upande mmoja wa mwili umelegea. Jirani akimtazama haambukizwi chochote. S. A. Kinnier Wilson aliieleza hali hii 1924: njia zitokazo juu ya ubongo kutawala mitambo ya uso, koo na pumzi zimekatika, na mitambo hiyo inajiendea. Josef Parvizi na wenzake, 2001, waliongeza kwamba ubongo mdogo wa kisogoni nao una sehemu yake katika kupima kiasi cha kicheko kinachofaa mahali. Mabishano kati ya nadharia hizo mbili tuwaachie wenyewe. Kwa muuguzi wa kituo cha afya, zote zinamwelekeza mahali pamoja: kwenye ubongo uliodhurika.

Kusini mwa Maniema dhara hilo lina jina la kutafutwa kwanza: malale, yaani ugonjwa wa usingizi. Kongo ndiyo nchi iliyobeba mzigo mkubwa kuliko zote wa malale ya aina ya *gambiense*. Mwaka 1998 pekee iliripoti wagonjwa zaidi ya 26,000. Vimelea vikishaingia katika ubongo, usingizi hugeuka wa mchana, mikono hutetemeka, tabia hubadilika, na hisia huyumba. Hapa ndipo kosa la kukitafsiri kicheko linapoua. Tangu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019, vidonge vya feksinidazoli ndivyo tiba ya kwanza kwa wengi, na hapana haja ya kumtoboa kila mgonjwa mgongo. Lakini zikiwapo ishara za ugonjwa mkali, na tabia isiyo ya kawaida ni mojawapo, maji ya uti wa mgongo lazima yapimwe. Chembe nyeupe zikifika 100 au zaidi katika mikrolita, mgonjwa huelekezwa kwenye nifurtimoksi na eflonithini. Kwa hiyo, katika wilaya yenye mbung'o wanaoeneza malale, swali la kama mtu hucheka au hulia bila kutaka ni sehemu ya uamuzi wa dawa ipi apewe. Kipimo kilekile kilichowaachia huru wasichana wa Kashasha ndicho kinachoweza kumfichua mgonjwa wa Lusangi.

Watasema malale yanakwisha. Ni kweli: tangu 2018 wagonjwa wanaoripotiwa duniani kwa mwaka hawafiki 1,000. Lakini ugonjwa unapopungua, timu za kuzunguka vijijini nazo hupungua, na mgonjwa hujileta mwenyewe kituoni akiwa na dalili ambayo muuguzi kijana hajawahi kuiona. Tena malale si sababu pekee. Kiharusi kiko kila mahali. Uchunguzi wa Hai na Dar es Salaam uliochapishwa 2010 ulionyesha kwamba Tanzania si kimbilio salama dhidi yake, wala sioni kwa nini Maniema iwe. Kifafa nacho kinaweza kuleta kicheko, ila mwenye kifafa mara nyingi fahamu humchanganyika, na huyu wetu anajua vizuri kinachompata. Kujua huko ndiko kunakomtesa.

Maana mateso yake ni ya mbele za watu. Mama asiyeweza kukaa kilioni kwa sababu atacheka mbele ya maiti, atasemwa kuwa ndiye aliyemla marehemu. Mzee wa Kasongo, mji wenye Waislamu wengi tangu enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, ataacha swala ya jamaa kwa kuogopa kuibatilisha na kuwavuruga walio safuni. Nashangaa kwamba hapa mafakihi wametutangulia. *Minhaj*, kitabu cha fikihi cha Imamu Nawawi, aliyefariki 1277, inakitaja kicheko na kilio pamoja miongoni mwa mambo yanayoweza kubatilisha swala, na Mashafii wanamsamehe aliyezidiwa kikamtoka kidogo. Wamemtambua aliyezidiwa. Wataalamu wetu wa kisasa bado wanamuuliza ana ujumbe gani.

Lipo pingamizi kwamba familia itakwenda kwa maombi au kwa mganga hata hivyo. Iende, ninachodai ni kwamba kituo cha afya kisiwe ndicho kinachoielekeza huko. Tena tiba ipo. Amitriptilini, iliyojaribiwa na Randolph Schiffer na wenzake 1985, na fluoksetini, ni dawa za siku nyingi zilizomo katika orodha ya dawa muhimu. Haziungi mishipa iliyokatika, lakini hupunguza vipindi hata mtu akarudi barazani.

Kasongo si mahali pageni kwa maswali magumu. Timu ya Mradi wa Kasongo ilichapisha 1981, katika *The Lancet*, uchunguzi wa chanjo ya surua uliouliza bila woga ikiwa mtoto aliyenusurika surua anaokoka kweli au anasubiri kifo kingine. Ujasiri wa namna hiyo unatosha kwa jambo dogo ninaloliomba. Divisheni ya Afya ya Maniema iongeze swali moja katika upimaji wa malale na katika ufuatiliaji wa wenye kiharusi, kuanzia Kasongo, Kunda, Kabambare na Lusangi: "Je, hucheka au hulia bila wewe kutaka?" Aulizwe mgonjwa mwenyewe, ndugu zake wakiwa nje.