Trisomia: Istilahi na Hesabu Yake

Mkongo aliyesoma kwa Kifaransa kabla ya kufika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, huifahamu hali ya kuzaliwa na kromosomu ya 21 ya ziada kwa jina la trisomia 21, ilhali mjini Lilongwe, ambako maandishi ya hospitali ni ya Kiingereza, hali hiyohiyo huitwa kwa jina la John Langdon Down, daktari Mwingereza aliyeieleza mwaka 1866. Jina la pili humtaja daktari. La kwanza hutaja chanzo, ambacho hakikujulikana hadi mwaka 1959, Jérôme Lejeune na wenzake wa Paris walipokitangaza.

Trisomia, neno lenye asili ya Kigiriki, ni kuwapo kwa nakala tatu za kromosomu fulani mahali pa mbili. Tafsiri ya “utatu” haifai: licha ya kwamba wanatheolojia wamekwisha kuitwaa, humfanya msomaji adhani kuwa seli ina kromosomu tatu, kumbe ina 47 badala ya 46.

Chanzo chake ni meiosisi, yaani mgawanyiko unaopunguza kromosomu kwa nusu ili yai na mbegu ya kiume zipate 23 kila moja. Kwanza kromosomu iliyotoka kwa mama na mwenzake iliyotoka kwa baba hujipanga sambamba, hubadilishana vipande, kisha hutengana. Baadaye nusu mbili za kila kromosomu nazo huachana. Jozi isipotengana, yai laweza kubaki na 24. Mayai ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, kwa kuwa huanza meiosisi mtoto wa kike angali tumboni mwa mamaye, kisha husimama hapo hadi yapevuke, pengine baada ya miaka 40, na katika kungoja huko kohesini, protini inayozishikanisha kromosomu, hudhoofika.

Kosa hilo si la binadamu pekee. Sokwemtu ana kromosomu 48, na ile ya 22 hulingana na ya 21 ya binadamu. Trisomia yake imethibitishwa kwa sokwemtu wanaofugwa. Katika Milima ya Mahale, mkoani Kigoma, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika unaoikabili Kongo, watafiti kutoka Japani walimfuatilia mtoto wa sokwemtu aliyezaliwa mwaka 2011 akiwa na ulemavu mkubwa, akatunzwa na mama yake kwa takriban miaka 2, na dalili zake zilifanana na za sokwemtu mwenye trisomia hiyo. Lakini kromosomu zake hazikuhesabiwa, na kwa kuwa trisomia ni istilahi ya hesabu, si ya sura wala ya mwenendo, haifai kutumiwa juu yake.