Alama za Penseli: Nasaba ya Komiki za Edgar Church

Wauzaji wa komiki za zamani wana kauli moja wanayoitamka bila kupepesa macho: nakala iliyotoka kwa Edgar Church hujitambulisha yenyewe. Ukiifungua, wanasema, utakuta karatasi nyeupe, rangi za jalada zinawaka na pini hazina kutu. Huna haja ya kuuliza imetoka wapi. Kauli hii imerudiwa mno hata imegeuka kuwa ushahidi, na kila nikikutana nayo naona dosari ileile. Weupe wa karatasi unaonyesha kitabu kilitunzwa namna gani. Nani alikitunza ni swali jingine kabisa.

Kwa asiyefuatilia mambo haya, historia ya awali haihitaji mistari mingi. Action Comics namba 1, kitabu kilichomleta Superman, kilichapwa tarehe ya Juni 1938 na kuuzwa senti 10. Waliombuni, Jerry Siegel na Joe Shuster, walilipwa dola 130 na kukabidhi haki zote. Vita ya Pili ya Dunia ikaja, watoto wa Marekani wakahimizwa kukusanya karatasi chakavu, na komiki zisizohesabika zikaenda kwenye marobota. Baada ya vita ikafuata hofu ya wazazi na walimu: mwaka 1948 komiki zilichomwa moto hadharani katika miji kadhaa, na mwaka 1954 daktari Fredric Wertham akatoa kitabu cha kuzishutumu huku Seneti ya Marekani ikiketi kusikiliza mashtaka. Enzi ya Spider-Man, ambayo wengine ndiyo wanaiona enzi hasa, naipita. Katika miaka ile ya 1960 watu walikuwa wameanza kuweka kwa makusudi, na kitu kilichowekwa kwa makusudi hakina fumbo kubwa.

Church alizaliwa mwaka 1888 na aliishi Denver, Colorado. Alikuwa mchoraji wa matangazo ya biashara, hasa yale ya kurasa za manjano za kitabu cha simu. Kazi ya namna hiyo haina mwisho: leo fundi bomba anataka picha, kesho muuza maua, keshokutwa mwenye gari la kuhamisha vyombo. Kwa hiyo Church alikusanya picha za magazeti na majarida ili apate pa kutazama mkono unashikaje spana au gari la aina fulani lina taa ngapi. Komiki nazo alizinunua, lakini hizo aliziacha nzima. Makadirio yanazitaja kuwa kati ya 18,000 na 22,000, nyingi zikiwa za kuanzia mwisho wa miaka ya 1930 hadi miaka ya 1950.

Alizirundika moja juu ya nyingine kwenye chumba cha chini ya nyumba, na hapo ndipo maelezo ya weupe ule yalipo. Karatasi ya komiki ilikuwa ya bei ya chini kabisa, massa ya mbao yaliyosagwa bila kuondolewa lignini. Ikipata mwanga, joto na unyevu inageuka manjano, kisha kahawia, kisha inamomonyoka mkononi. Denver iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu. Ndani ya rundo zito lililobanana, gizani, penye ubaridi, hewa hiyo kavu nayo haikupata nafasi ya kupita kati ya kurasa.

Lakini Denver si mji pekee wenye hewa kavu, na Church si mtu pekee aliyekuwa na chumba cha chini. Mwezi Agosti 2014 nakala ya Action Comics namba 1 iliuzwa kwenye mnada wa eBay kwa dola 3,207,852, na karatasi yake ilisifiwa kwa weupe usio wa kawaida. Nakala hiyo haikuwa ya Church hata kidogo. Ilitoka West Virginia, kwenye nyanda za juu, ilikokaa miaka mingi ndani ya sanduku la mbao za mwerezi. Mtu angeifungua akitumia kanuni ya wauzaji angeapa kwamba imetoka Denver.

Mwezi Januari 1977 mfanyabiashara kijana, Chuck Rozanski, mwenye duka la komiki huko Boulder, aliitwa kutazama vitabu ambavyo familia ya Church ilitaka kuviondoa nyumbani. Church alikuwa bado hai. Alifariki mwaka 1978. Rozanski alikuwa na umri wa miaka 21 au karibu na hapo. Kwa hesabu inayosimuliwa mara nyingi alilipa chini ya dola 2,000 kwa mkusanyo wote, kisha akaanza kuuza vitabu kwa mara mbili ya bei zilizoandikwa kwenye mwongozo wa Robert Overstreet, kitabu kilichokuwa kikitoka tangu 1970 na ambacho wafanyabiashara wengi walikichukulia kuwa ndiyo mwisho wa bei. Wanunuzi walipiga kelele, kisha wakalipa.

Tangu hapo mabishano yamekuwa juu ya fedha. Wapo wanaosema alimdhulumu mzee mgonjwa. Wapo wanaojibu kwamba bila yeye mkusanyo mzima ungeishia jalalani, kwa kuwa familia ilikuwa imekwishaanza kutupa karatasi za mzee. Pande zote mbili nazisikiliza kwa muda mfupi tu. Mwaka 1977 hakuna aliyejua vitabu vile vingefika bei gani, na biashara ya vitu vya kale imejaa watu walionunua kwa bei ya chakavu. Dola zile zinanisumbua kidogo kuliko jambo jingine: karibu kila tunachokijua kuhusu siku ile kinatoka kinywani mwa mnunuzi. Rozanski ameandika kwa urefu, kwa ukarimu na kwa kipaji cha kusimulia, lakini ni msimulizi mmoja, naye ndiye aliyenufaika. Wanazuoni wa hadithi za Mtume wangeitazama isnadi, yaani mnyororo wa wasimulizi, ya namna hii kwa jicho kali kabla hawajafika kwenye maneno yenyewe. Church hakuhojiwa. Warithi wake hawana sauti. Na biashara ya wakati ule haikuwa na desturi ya kutoa hati kwa kila kitabu, hivyo vitabu viliposambaa Marekani nzima, kiungo kati ya kila kimoja na chumba kile kilibaki kumbukumbu ya mnunuzi na ankara yake, kama aliitunza.

Hata jina linaonyesha mambo yalivyokwenda. Kwa miaka mingi soko liliviita vitabu hivi "Mile High", jina la duka la Rozanski, lililotokana na sifa ya Denver ya kuwa maili moja juu ya bahari. Jina la Church liliongezwa baadaye, na hadi leo mara nyingi huandikwa sambamba na la duka. Mimi naona nasaba, yaani asili ya mkusanyo, iitwe kwa jina la mwenyewe. Aliyeyanunua yale makaratasi wiki baada ya wiki kwa mshahara wa mchoraji wa matangazo ni Church. Rozanski ana duka; haliwezi kupungukiwa.

Tukiuacha weupe, tushike nini? Tushike alama ambazo wauzaji wa leo huziona kama uchafu. Mwenye kibanda cha magazeti au duka la dawa wa miaka ya 1940 hakuwa na mapenzi na Superman. Alipokea furushi kutoka kwa wakala wa usambazaji, akauza alichoweza, na kilichobaki akakirudisha ili arudishiwe fedha. Ili ajue kipi kimekaa muda wa kutosha, yeye au wakala aliandika juu ya jalada kwa penseli, au aligonga muhuri wa siku furushi lilipofika. Tarehe iliyochapwa isingemsaidia, kwa sababu wachapishaji walikuwa na tabia ya kuitanguliza: Action Comics ya "Juni" ilikuwa madukani mwezi Aprili. Marvel Comics namba 1 ya 1939 iliandikwa Oktoba, na ilipochapwa tena Oktoba ikafunikwa kwa wino na kuandikwa Novemba. Muhuri wa muuza duka ndio unaotuambia ukweli. Baadhi ya nakala za Church zina herufi na namba za namna hiyo juu ya jalada, na kwangu herufi moja iliyofifia ina uzito kuliko ukurasa mweupe.

Mfano bora wa jinsi alama zinavyofanya kazi hautoki Denver bali Wausa, kijiji cha Nebraska. Katika miaka ya 1970 sokoni zilitokea komiki zilizoandikwa kwa penseli "Larson", nyingine "Lamont", nyingine herufi "ON". Watu walizinunua na kuziuza kwa miaka mingi wakiliita fungu hilo Larson bila kujua Larson ni nani. Kisha Jon Berk, mwanasheria na mkusanyaji, akafanya kazi ambayo soko zima lilikuwa halijaifanya: alimtafuta mwenyewe. Lamont Larson alikuwa hai. Alipokuwa mtoto, mwenye duka la dawa pale kijijini alikuwa akimwekea komiki zake, akiandika jina la kijana juu ya jalada ili zisiuzwe kwa mwingine. Herufi "ON" zilikuwa za Omaha News, wakala aliyeleta magazeti. Kwa maneno machache ya penseli tukapata mtoto, duka, kijiji na njia ya usambazaji iliyolisha kijiji hicho. Na alama zile ziliandikwa na mtu asiyekuwa na sababu ya kudanganya, miongo kadhaa kabla haijafikiriwa kwamba zingekuwa na bei.

Kuna kitabu ambacho maandishi yake yalikipandisha bei hadi mamilioni. Nakala moja ya Marvel Comics namba 1 ilitumika ofisini kama daftari la malipo: pembeni mwa kurasa zake kumeandikwa kwa mkono wachoraji na waandishi walilipwa kiasi gani. Frank R. Paul, aliyechora jalada, ana dola 25. Mwezi Machi 2022 nakala hiyo iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 2.4. Nafurahi soko liliona thamani yake, ingawa nashuku lingeiita imechafuliwa kama maandishi yangekuwa ya karani wa duka la pembeni.

Upande wa pili kuna masimulizi ya kugusa moyo. Tangu 2021 kampuni ya mnada ya Heritage imeuza mkusanyo iliouita wa Ahadi, komiki zaidi ya 5,000. Simulizi lake ni la ndugu wawili, Junie na Robert. Mmoja wao akaenda vita ya Korea akimwachia mwenzake ahadi ya kuzitunza, na hakurudi. Sina sababu ya kulikataa simulizi hili. Lakini tumepewa majina ya kwanza tu, na uzito wote wa nasaba unakaa juu ya neno la kampuni inayouza. Nalinganisha na vitabu 345 vya Billy Wright wa Martinsville, Virginia, vilivyouzwa mwaka 2012 kwa takribani dola milioni 3.5. Mwenyewe anajulikana kwa jina kamili, nyumba inajulikana, mjane wake anajulikana, na kijana wa ukoo aliyevikuta kabatini alijitokeza. Huko hakuna ahadi wala vita. Kuna ukoo na mlango wa kabati, na vinatosha.

Alama ndogondogo zina kazi nyingine pia. Nakala ya Action Comics namba 1 iliyokuwa ya mwigizaji Nicolas Cage iliibwa mwaka 2000. Mwaka 2011 ilipatikana ndani ya chumba cha kukodi cha kuhifadhia mizigo huko California, na ikatambuliwa kwa kuwa mfanyabiashara aliyewahi kumuuzia Cage aliijua. Hakuna komiki mbili zinazofanana kabisa. Mkasi wa kiwandani hukata ukingo mshazari, pini hupanda milimita moja au hushuka, wino wa rangi moja hukaa kando kidogo ya mstari wake. Mwezi Novemba mwaka huohuo nakala ile iliuzwa kwa dola milioni 2.16.

Siku hizi vitabu vya Church, kama vingine vya daraja lake, hukaa kwenye makasha ya plastiki yaliyofungwa na CGC, kampuni iliyoanza kukadiria hali za komiki mwaka 2000 na ambayo huandika jina la nasaba kwenye lebo. Faida ya kasha inajulikana. Hasara yake ni kwamba mnunuzi anasoma lebo badala ya kitabu. Mwanzoni mwa 2024 CGC yenyewe ilitangaza kwamba mtu alitumia huduma yake ya kubadilisha makasha kuingiza vitabu duni chini ya lebo za vitabu bora, na ikatoa orodha ya namba za kutiliwa shaka. Waliofichua mchezo huo walikuwa wakusanyaji waliolinganisha picha za zamani na mpya za kitabu kilekile, wakitazama mkunjo pembeni, doa karibu na pini, tundu dogo ukingoni. Kumbukumbu za picha za nyumba za mnada zimefikia wingi wa kuwezesha kazi hiyohiyo kwa kila nakala ya Church iliyowahi kupita mnadani, jalada la mbele na la nyuma, na herufi za penseli zikiwa za kwanza kuandikwa kwenye orodha.