Mafunzo ya tovuti ya darasa

Mafunzo ya tovuti ya darasa ni mafunzo yanayowawezesha walimu kuunda na kuendesha wenyewe kurasa za wavuti kwa ajili ya wanafunzi wanaowafundisha. Tovuti ya namna hiyo huwa na muhtasari wa masomo, mazoezi na majibu yake, msamiati, ratiba na matangazo kwa wazazi. Ni tofauti na tovuti ya shule, ambayo huitambulisha shule kwa umma, kwa kuwa huandikwa na mwalimu wa somo na hubadilika kadiri ufundishaji unavyoendelea.

Katika maeneo ya vijijini, kama vile kata ya Kintinku mkoani Singida nchini Tanzania, tovuti ya darasa hufaa zaidi ikiwa inaweza kusomwa hata pasipo intaneti.

Historia

Mfumo wa wavuti ulibuniwa na Tim Berners-Lee mwaka 1989 katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, Uswisi. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliuachia umma bila malipo. Hapo mwanzo aliyetaka kuunda ukurasa alipaswa kujua HTML, yaani lugha ya alama inayoieleza kompyuta kipi ni kichwa, kipi ni aya na kipi ni kiungo. Baadaye zilitokea zana zilizopunguza haja hiyo, zikiwemo Moodle (2002), WordPress (2003) na Google Sites (2008).

Tanzania ilitoa Sera ya Taifa ya TEHAMA mwaka 2003, na mwaka 2007 ikafuata sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi. Mwaka 2013 Faraja Nyalandu alianzisha Shule Direct, inayotoa maudhui ya masomo ya Tanzania kupitia mtandao.

Mfumo wa UNESCO wa umahiri wa walimu katika TEHAMA, uliotolewa upya mwaka 2018, una ngazi tatu: kupata maarifa, kuyaimarisha na kuyaunda. Mwalimu anayeandika kurasa zake mwenyewe anaelekea ngazi ya tatu.

Baada ya sensa ya watu na makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa kwa walimu wa shule za umma. Kwa njia hiyo walimu wengi walipata kifaa kinachotosha kuandika na kuonyesha kurasa za wavuti. Mafunzo endelevu ya walimu kazini (MEWAKA) nayo hufanyika kupitia jumuiya za ujifunzaji shuleni na katika kata, ambako walimu wa shule jirani hukutana.

Mazingira ya Kintinku

Kintinku ni kata ya Wilaya ya Manyoni. Iko kwenye Reli ya Kati na barabara kuu, kati ya Dodoma na mji wa Manyoni. Wakazi wake wengi ni Wagogo.

Mtoto wa eneo hilo anaweza kuanza na Kigogo nyumbani, akasoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha akaingia sekondari na kukuta karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Kwa sababu hiyo faharasa ya lugha mbili ni miongoni mwa kurasa zenye manufaa makubwa kwa kidato cha kwanza. Maneno kama usanisinuru, mmeng'enyo na kani huwekwa pamoja na visawe vyake vya Kiingereza na mfano mfupi. Kazi hiyo huhitaji mwalimu anayejua wanafunzi wake wanakwama wapi.

Katika shule nyingi za Tanzania wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu. Hivyo kurasa za darasa husomwa kwenye kifaa cha mwalimu, kwenye kompyuta ya shule au kwenye simu ya mzazi. Mzazi hulipia kifurushi cha data, kwa hiyo ukurasa mzito ni gharama kwake.

Yanayofundishwa

Mwalimu huanza na karatasi: anachora ukurasa wa mwanzo na kurasa tatu au nne zinazoungana nao. Kisha hutengeneza folda moja yenye faili zote, na ukurasa wa mwanzo huitwa index.html. Majina ya faili huandikwa kwa herufi ndogo bila nafasi, kwa kuwa seva nyingi hutofautisha herufi kubwa na ndogo.

Kosa linalotokea mara nyingi ni kiungo kinachotaja mahali faili ilipo ndani ya kifaa cha mwalimu. Ukurasa hufunguka vizuri kwake, lakini ukinakiliwa kwenye kifaa kingine picha na viungo hupotea. Kiungo sahihi hutaja jina la faili iliyomo katika folda ileile. Folda iliyotengenezwa hivyo huweza kuhamishwa kwa flashi na kufunguliwa kwa kivinjari bila intaneti.

Somo lingine ni uzito wa faili. Maandishi ya ukurasa mmoja wa karatasi, yenye herufi 2,500 hivi, huchukua takriban kilobaiti 2.5. Picha moja ya simu ya megabaiti 3 inazidi uzito wa kurasa elfu moja za namna hiyo. Picha ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 800, kwa kawaida hubaki na kilobaiti 100 hivi.

Shule inayotaka seva ya ndani inaweza kutumia Kolibri, programu huria iliyoundwa kufanya kazi bila intaneti. Vifaa vingine huunganishwa nayo kwa mtandao usiotumia waya uliopo shuleni.

Sheria na usalama wa wanafunzi

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Kwa hiyo majina, picha na matokeo ya mitihani ya wanafunzi hayafai kuwekwa wazi mtandaoni bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Vitabu vya kiada navyo vinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Badala ya kupiga picha kurasa zake, mwalimu anaweza kuandika maelezo yake mwenyewe au kuweka kiungo cha maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Uendelevu

Tovuti za darasa hufa kwa urahisi mwalimu anapohamishwa, hasa ikiwa akaunti ilisajiliwa kwa barua pepe yake binafsi. Ili kuzuia hilo, akaunti husajiliwa kwa barua pepe ya shule, nywila hutunzwa na mkuu wa shule, na nakala ya folda nzima hubaki kwenye kompyuta ya shule. Shule za Tanzania zinaweza pia kusajili kikoa kinachoishia na .sc.tz, ambacho hulipiwa upya kila muda wake unapokwisha. Folda iliyonakiliwa haina ada: mwalimu mpya anaweza kuifungua, kurekebisha palipopitwa na wakati na kuendelea kufundisha nayo.