Misitu ya Kaliua na Elimu ya Jembe

Reli itokayo Tabora kwenda Kigoma hupita Urambo, kisha hufika Kaliua, na hapo hugawanyika: tawi moja huendelea magharibi hata ziwani, na la pili hushuka kusini mpaka Mpanda. Tawi hili la pili halikujengwa kwa haja ya watu wa Kaliua. Lilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili ili kuchukua madini ya risasi yaliyochimbwa Mpanda na kuyapeleka pwani. Tangu siku za misafara, nchi iliyoko magharibi ya Tabora imekuwa mahali pa kupitia mali ya wengine, na wenyeji wake wamekuwa wachukuzi. Ndiyo sababu swali la haki ya mazingira, yaani nani hufaidi ardhi na misitu na nani huachiwa hasara, si swali geni huko, ingawa jina lake ni geni. Lililo gumu ni jinsi ya kulifundisha. Tanzania ilipata kujaribu, mapema kuliko nchi nyingi, elimu ambayo mwanafunzi huipata kwa kuitumikia jamii yake kwa mikono. Na jaribio hilo, pamoja na mema yake na makosa yake, huonekana vizuri zaidi likitazamwa kutoka kituo kidogo kama Kaliua kuliko kutoka Dar es Salaam.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Tabora katika nchi ya Unyanyembe, ikafika Ujiji. Pembe za ndovu zilichukuliwa mabegani mwa wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Kila msafara uliopita katika nchi ya mtemi ulidaiwa hongo: nguo, shanga, au nyuzi za shaba. Wazungu waliopita waliandika habari za hongo kwa hasira, kana kwamba ni unyang'anyi mtupu. Lakini ikifikiriwa vema, hongo ilikuwa bei. Mamia ya watu walikunywa maji ya nchi, walikata kuni zake, walikula chakula chake, na mwenye nchi alidai malipo. Mirambo, mtemi wa Urambo, aliielewa hesabu hiyo kuliko wengi wa wakati wake. Alipogombana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871 aliifunga njia, na hata Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alilazimika kuzunguka kwa kusini. Haifai kumfanya Mirambo mtakatifu, maana vita vyake viliteketeza vijiji vingi, na pembe zilizomtajirisha zilitoka kwa ndovu wale wale waliokuwa wakimalizwa. Walakini, baada ya yeye kufa mwaka 1884, na Isike wa Unyanyembe kushindwa na Wajerumani mwaka 1893, hakubaki mtu katika nchi hiyo awezaye kuwatoza wageni kwa kupita kwao. Neno lenyewe limeshushwa cheo: leo hongo maana yake ni rushwa.

Kisha yakaja maradhi. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe wa Afrika ya Mashariki kwa wingi usiohesabika. Malisho na mashamba yakaachwa, pori likarudi, na mbung'o wakarudi pamoja nalo. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alieleza kwamba pori ambalo watawala walilidhania kuwa ni la asili lilikuwa, kwa sehemu kubwa, magofu ya nchi iliyokuwa imetunzwa na watu. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza, ikipigana na ugonjwa wa malale, iliwaondoa watu wengi wa magharibi ya Tanganyika katika makao yao yaliyotawanyika, ikawakusanya katika makazi yaliyofyekwa. Nia ilikuwa kuokoa maisha, na maisha yaliokolewa. Lakini mahali walipopaacha paliota miti, pakajaa wanyama, na baadaye sehemu zake ziliandikwa kuwa misitu ya hifadhi na mapori ya akiba. Mjukuu aliyerudi kutundika mzinga penye mahame ya babu yake aliweza kukamatwa kama mhalifu.

Habari za karanga zimesimuliwa mara nyingi, na aghalabu kwa kicheko. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kuling'oa pori kwa matrekta huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mwaka 1951 mradi uliachwa, baada ya kupotea kiasi cha pauni milioni 36. Lililofuata halikuchekesha. Urambo iligeuzwa kuwa nchi ya tumbaku, na tumbaku ikaenea hata Kaliua, kwanza kwa walowezi na wapangaji wachache, kisha, baada ya Uhuru, kwa makazi ya vijiji na kwa fedha zilizokopwa, zikiwamo za Benki ya Dunia. Tumbaku ya mvuke haihitaji trekta ili kuumaliza msitu. Majani yake hukaushwa ndani ya bani kwa joto la moto uwakao usiku na mchana kwa siku kadhaa, na moto huo hula miombo. Tena ardhi ya kichanga huchoka upesi, na mkulima hulazimika kufyeka shamba jipya. Jani lilisafirishwa likaleta fedha za kigeni, na nchi nzima ikapata faida yake. Visiki vilibaki Kaliua.

Basi shule zilifundisha nini wakati huo? Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Julius Nyerere, ambaye katika miaka ya 1940 alikuwa mwalimu Tabora, alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Kila shule, alisema, iwe na shamba au karakana kama sehemu ya maisha yake, si kama pambo. Wanafunzi wajifunze kwa kutenda, na wasijione kuwa wamepanda juu ya wazazi wao. Huko Marekani, katika miaka hiyo hiyo, walimu wachache walikuwa wakianza kulitafutia jina jambo la mwanafunzi kujifunza kwa kuwatumikia majirani. Tanzania ililifanya kuwa siasa ya taifa.

Kila mtu hukumbuka shamba la shule. Linalosahauliwa ni nusu ya pili ya waraka. Nyerere alitaka pia kumbukumbu za kazi na mazao ziwekwe vizuri, wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba lao, na wauone wazi uhusiano uliopo kati ya jasho lao na hali yao. Kwa maneno mengine, alitaka jembe na daftari viende pamoja. Katika shule nyingi jembe lilifika peke yake. Wanafunzi walilima, mwalimu aliamua, na hesabu ya mapato ilikaa ofisini. Mara nyingine kulima kulikuwa adhabu ya aliyechelewa, na hakuna njia ya haraka zaidi ya kumfundisha mtoto kuichukia ardhi. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, shule za msingi zilipofunguliwa kwa watoto wote na fedha zikawa chache, shamba lilizidi kuwa njia ya kuilisha shule na likapungua kuwa njia ya kufundisha. Kabla ya hapo, Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu wapatao 400 walikuwa wamefukuzwa kwa kuandamana wakipinga utumishi wa lazima wa taifa. Walilaumiwa kwa choyo, na choyo ilikuwamo. Lakini utumishi ambao mtumishi hakuulizwa neno humwachia funzo moja tu, nalo ni kutii.

Udhaifu huo huo ulionekana katika elimu ya misitu. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusoma, na kazi zake zilionekana: vyoo vilichimbwa, nyasi zilifyekwa, madimbwi yalifukiwa. Mwaka 1980 ilifuata Misitu ni Mali. Watu walihimizwa kupanda miti, na shule zilitakiwa kuwa na vitalu. Ni jina zuri, ila lina shimo katikati, kwa kuwa halisemi misitu ni mali ya nani. Katika nchi ya tumbaku mtoto alibeba maji ya kumwagilia miche asubuhi, na jioni alimsaidia baba yake kupakia magogo ya kupeleka kwenye bani. Hakuna aliyemtaka aziweke kazi hizo mbili katika hesabu moja. Akikua ataamini kwamba msitu umemalizwa na uvivu wa wazazi wake wa kutopanda.

Wangari Maathai, aliyeanzisha harakati za Ukanda wa Kijani nchini Kenya mwaka 1977, aliiona hatari hii. Wanawake wake walipanda miti ipatayo milioni 30 kabla ya yeye kupewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2004, lakini pamoja na miche aliwapa semina za uraia, ambamo washiriki walitaja shida zao kisha wakatafuta chanzo cha kila moja, wakikuta vingine serikalini na vingine mikononi mwao wenyewe. Karibu zaidi na Kaliua, Wasukuma wa Shinyanga walikuwa na ngitili, malisho yaliyofungwa ili kungojea kiangazi. Mradi ulioanza huko mwaka 1986 ulifufua ngitili badala ya kuleta shamba geni la miti, na miti ikarudi, kwa sababu aliyeitunza alijua ni ya nani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliwapa wanavijiji wa Tanzania uwezo wa kutenga misitu yao wenyewe. Hilo nalo halifundishwi kwa jembe.

Haki hii, hata hivyo, haina mwenyeji mmoja. Mwaka 1972 wakimbizi walitoka Burundi kwa maelfu, na wengi waliwekwa Ulyankulu, ambayo sasa imo katika Wilaya ya Kaliua, iliyoanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Urambo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, wilaya ikapatikana miaka 100 baadaye. Maji na ardhi ya Ulyankulu havikuwatosha watu wengi kiasi kile, na mwishoni mwa miaka ya 1970 maelfu yao walihamishiwa Mishamo. Waliofyeka pori la Ulyankulu hawakulichagua. Walipewa. Shule ya huko ikifundisha kwamba wageni ndio walioharibu nchi, itakuwa imefundisha uongo, ingawa visiki vipo na vyaonekana.

Kwa hiyo kazi ifaayo kupewa wanafunzi wa Kaliua haihitaji vifaa vingi. Waende kwenye bani la jirani wakati wa kukausha, wahesabu magogo yaingiayo motoni tangu siku ya kwanza hata jani likauke. Wawaulize wazee magogo hayo yalikatwa umbali gani walipokuwa vijana, na sasa hukatwa umbali gani. Kisha wamwombe mkulima ruhusa ya kutazama karatasi ya mauzo yake. Humo watakuta mbolea imekatwa, dawa imekatwa, na mkopo umekatwa. Kuni alizozikata yeye mwenyewe aghalabu hazimo. Waziandikie bei, waitie katika hesabu, halafu waisome mbele ya mkutano wa kijiji, wakimwacha mwenye bani aseme wa kwanza.