Kelele za mashabiki wa nyumbani: zinasaidia nini uwanjani?

Mechi ikitangazwa redioni, msikilizaji aliye mbali na uwanja hulijua bao kabla mtangazaji hajalitaja. Kwanza husikika mngurumo unaopanda, kisha shangwe zinalipuka, ndipo jina la mfungaji linafuata. Bao likiwa la wageni, uwanja hunyamaza ghafla, na ukimya huo nao ni habari tosha.

Mashabiki wa Tanzania wana msemo wao kuhusu jambo hili: "Kwa Mkapa hatoki mtu." Maana yake ni kwamba timu ngeni ikiingia Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, haitoki salama. Je, ni majigambo tu, au kelele za mashabiki kweli hubadilisha matokeo? Makala haya yanaeleza kinachojulikana, na pia namna mashabiki wanavyoweza kuipoteza nguvu hiyo kwa mikono yao wenyewe.

Mfano wa Simba, mwaka 2019

Uwanja wa Benjamin Mkapa ulifunguliwa mwaka 2007 na una nafasi ya watu 60,000. Hadi mwaka 2020 uliitwa Uwanja wa Taifa. Ulipewa jina la sasa baada ya kifo cha rais huyo mstaafu.

Msimu wa 2018/19 Simba ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Ilipangwa na Al Ahly ya Misri, AS Vita ya Kongo na JS Saoura ya Algeria. Angalia matokeo yake:

Nyumbani: Simba 3, Saoura 0. Simba 1, Al Ahly 0. Simba 2, Vita 1.

Ugenini: Vita 5, Simba 0. Al Ahly 5, Simba 0. Saoura 2, Simba 0.

Mechi tatu za nyumbani, ushindi mara tatu. Mechi tatu za ugenini, vipigo vitatu bila kufunga hata bao moja. Simba ilifungwa mabao 13 na kufunga 6 tu, lakini pointi 9 za nyumbani ziliipeleka robo fainali. Ni timu ile ile, na iliyofungwa tano mjini Alexandria ndiyo iliyomfunga Al Ahly Dar es Salaam siku kumi baadaye.

Hata hivyo, tusizipe kelele sifa yote. Timu ya ugenini husafiri mbali, hulala mahali isipopazoea na hucheza katika hali ya hewa nyingine. Joto la Dar es Salaam mwezi Februari si mchezo kwa mtu aliyetoka kwenye baridi ya kaskazini mwa Afrika. Timu ya nyumbani nayo huufahamu uwanja wake. Ndiyo maana watafiti walitafuta njia ya kuzitenga kelele peke yake ili waone zinafanya nini.

Anayesikia zaidi ni mwamuzi

Jaribio moja linalotajwa sana lilifanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2002. Waamuzi 40 walioneshwa mkanda wa mechi ya Liverpool na Leicester, wakaombwa kuamua matukio 47 ya wachezaji kukabiliana: ni madhambi au si madhambi? Kundi moja lilitazama mkanda ukiwa na kelele za mashabiki. Kundi jingine lilitazama mkanda ule ule bila sauti.

Waliosikia kelele waliipigia timu ya nyumbani filimbi za madhambi pungufu kwa asilimia 15.5 kuliko wale waliotazama kimya kimya. Matukio yalikuwa yale yale, na waamuzi hawakuwa wamehongwa wala kutishwa. Kilichotofautiana ni sauti tu.

Kwa nini iwe hivyo? Mwamuzi huamua kwa sekunde moja au mbili, mara nyingi bila kuona vizuri mguu uligusa nini. Anapokuwa na shaka, akili hutafuta msaada wowote. Mlio wa watu maelfu wanaopaza sauti "Aaah!" humwambia kwamba jambo zito limetokea. Mchezaji wa nyumbani anapocheza rafu, mlio huo haupo. Mwamuzi anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado sikio lake likausukuma uamuzi wake kidogo.

Utafiti mwingine ulifanyika Uhispania na kutolewa mwaka 2005. Wachunguzi waliangalia dakika za nyongeza mwishoni mwa mechi. Waligundua kwamba timu ya nyumbani ikiwa nyuma kwa bao moja, waamuzi waliongeza muda mrefu zaidi. Ikiwa inaongoza kwa bao moja, waliongeza muda mfupi zaidi. Kila shabiki aliyewahi kulalamikia "dakika za mwamuzi" anaweza kujiona hakuwa mwendawazimu.

Kwa wachezaji je?

Kwa wachezaji kelele hufanya kazi kwa njia mbili. Kwanza huwatia moyo wenyeji. Miguu inapochoka dakika ya 80, sauti ya jukwaani humfanya beki akimbilie mpira ambao angeuacha.

Pili, huwakatia wageni mawasiliano. Soka huchezwa kwa mdomo pia: kipa hupanga mabeki wake, na kiungo humwonya mwenzake kwamba kuna mtu nyuma yake. Palipo na vuvuzela, ngoma na tarumbeta, maneno hayo hayafiki. Beki anayesubiri sauti ya kipa asiyoisikia huchelewa hatua moja, na hatua moja inatosha kuwa bao.

Lakini kelele zina makali pande zote mbili. Mashabiki wa nyumbani wakianza kumzomea mchezaji wao kwa pasi mbovu, naye huanza kuogopa mpira. Atarudisha nyuma kila anachopewa ili asikosee tena.

Viwanja vitupu vilitufundisha nini

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliifanya dunia nzima kuwa maabara ya jambo hili. Ligi Kuu ya Ujerumani ilirudi mwezi Mei bila mashabiki, na nyingine za Ulaya zikafuata. Televisheni za huko zililazimika kuweka kelele za bandia ili watazamaji wasihisi wanaangalia mazoezi.

Katika Ligi Kuu ya Uingereza, msimu wa 2020/21 ulichezwa karibu wote bila watu majukwaani. Katika mechi 380, timu za nyumbani zilishinda 144 na za ugenini zikashinda 153. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya ligi hiyo ya juu kwa wageni kushinda mechi nyingi kuliko wenyeji.

Liverpool ilikuwa imecheza mechi 68 za ligi bila kufungwa nyumbani kwake Anfield. Msimu huo ilipoteza sita za nyumbani mfululizo. Majeruhi walichangia, hasa kukosekana kwa mabeki wake wa kati, lakini majukwaa nayo yalikuwa matupu.

Uchunguzi uliofanywa katika ligi mbalimbali baada ya hapo ulionesha jambo jingine: bila mashabiki, upendeleo wa waamuzi kwa wenyeji ulipungua. Kadi za njano kwa wageni zilishuka.

Sauti husafirije uwanjani

Si kila uwanja uliojaa una kelele sawa. Paa juu ya majukwaa, kama lile la Benjamin Mkapa, huirudisha sauti chini badala ya kuiacha ipotee angani. Kwa upande mwingine, Mkapa una njia ya riadha kati ya uwanja na mashabiki. Utafiti wa Ujerumani uligundua kwamba katika viwanja vyenye njia ya riadha, mwamuzi huelemea upande wa wenyeji kwa kiasi kidogo kuliko katika vile ambavyo mashabiki wako karibu na mstari. Umbali humpa mwamuzi nafasi ya kupumua.

Kuna pia jambo ambalo kila kiongozi wa ushangiliaji analijua hata kama hajalisoma shuleni. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kutoka jukwaa la goli moja hadi la goli jingine inaweza kuchukua zaidi ya nusu sekunde. Ndiyo maana wimbo ukianzishwa upande huu, upande wa pili huuimba kwa kuchelewa na unavurugika. Wapiga ngoma wakikaa pamoja na waimbaji wakakaa karibu nao, kundi dogo lenye mpangilio husikika kuliko umati mkubwa ambao kila mtu anapiga lake.

Kelele hazifungi mabao

Mei 28, 2023 Yanga ilicheza fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger ya Algeria, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa uliofurika. Wageni walishinda 2-1. Siku sita baadaye, mjini Algiers, mbele ya mashabiki wa wapinzani, Yanga ilishinda 1-0. Jumla ikawa 2-2, na Waalgeria wakabeba kombe kwa faida ya mabao ya ugenini. Yaani katika fainali hiyo kila timu ilishindwa nyumbani kwake.

Siku ile ya Dar es Salaam ina kumbukumbu nyingine nzito zaidi. Katika msongamano wa watu waliokuwa wakigombea kuingia, mtu mmoja alifariki na wengine wakajeruhiwa. Aliyekwenda kushangilia hakurudi nyumbani. Ukiona lango limebanwa na watu wanasukumana, rudi nyuma. Mechi utaisikiliza redioni.

Shabiki akifungiwa nje

Desemba 2024 Simba iliifunga CS Sfaxien ya Tunisia 2-1 kwa Mkapa, bao la ushindi likipatikana katika dakika za nyongeza. Baada ya hapo zilizuka vurugu na viti viling'olewa. Shirikisho la Soka Afrika, CAF, liliiadhibu Simba kwa kuilazimisha icheze mechi moja ya nyumbani bila mashabiki.

Mechi hiyo ilikuwa dhidi ya CS Constantine ya Algeria, Januari 2025. Viti 60,000 vikawa vitupu. Simba ilishinda 2-0 hata hivyo, na hilo linatukumbusha kwamba timu nzuri inaweza kushinda bila kushangiliwa. Lakini klabu ilikosa viingilio vya siku hiyo, na waliopanga safari kutoka mikoani wakabaki makwao.

Miezi michache baadaye Simba ilifika fainali ya kombe hilo la Shirikisho. Ilifungwa 2-0 na RS Berkane nchini Morocco. Mechi ya marudiano nayo haikuchezwa kwa Mkapa, safari hii kwa sababu ya hali ya nyasi. Ilihamishiwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar, ambao huchukua watu wachache zaidi, ikaisha 1-1. Hakuna awezaye kusema matokeo yangekuwa tofauti Dar es Salaam. Ila mwezi uliotangulia, katika robo fainali, Simba ilikuwa imefungwa 2-0 na Al Masry huko Misri, ikarudi kwa Mkapa, ikashinda 2-0 na kupita kwa penalti.

Masikio yako nayo

Kelele zinazomsumbua kipa mgeni hukusumbua na wewe. Wataalamu wa usikivu husema mtu anaweza kuvumilia desibeli 85, kiasi cha barabara yenye magari mengi, kwa saa nane. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Zikifika 100, muda salama ni kama dakika 15. Vuvuzela ikipulizwa karibu na sikio huzidi hapo.

Ukitoka uwanjani masikio yakiwa yanavuma, hiyo ni dalili kwamba yameumia. Mara nyingi hupona baada ya saa kadhaa, lakini yakiumizwa kila wiki, usikivu hupungua na haurudi. Usikae mbele ya vuvuzela wala karibu na spika kubwa. Ukienda na mtoto, kaa naye mbali na kundi la ngoma, na ukiweza mtafutie vizibo vya masikio.

Kwa ufupi

Kelele za nyumbani zina nguvu ya kweli, ingawa si kubwa kama tunavyojisifu. Humwelemea mwamuzi kidogo, huwatia nguvu wenyeji, na huwakatia wageni mawasiliano. Hazimfundishi mshambuliaji kulenga goli. Na nguvu hiyo ni ya kuazima: kiti kimoja kinachorushwa kinaweza kuufunga mdomo wa watu 60,000 katika mechi inayofuata.

Wewe uliye kijijini na simu au redio sikioni, mechi ijayo jaribu kuisikiliza sauti ya nyuma ya mtangazaji. Sikiliza inapopanda kabla ya filimbi, kisha sikiliza mwamuzi ameamua nini.