Utawala wa Aleli si Sheria ya Urithi: Ushahidi wa Selimundu

Wanafunzi wengi wa sekondari hufundishwa kwamba Gregor Mendel alituachia sheria tatu za urithi: ya utawala, ya utengano na ya mpangilio huru. Ninavyoona mimi, ile ya kwanza haistahili kukaa na hizo mbili. Utengano unaeleza jinsi jeni zinavyotoka kwa mzazi na kumfikia mtoto. Utawala unaeleza kinachoonekana mwilini baada ya urithi kukamilika, na jibu lake hubadilika kwa kadiri ya kipimo anachotumia mtazamaji. Kuchanganya mambo haya mawili kunaziumiza familia zenye watoto wagonjwa.

Katika makala aliyochapisha mwaka 1866 huko Brno, Mendel aliripoti kwamba kizazi cha pili cha njegere zake kilitoa mbegu laini 5,474 na zilizokunjamana 1,850, karibu tatu kwa moja. Uzito wa ugunduzi huo hauko katika ushindi wa ulaini. Uko katika ukunjamano, ambao ulikuwa umetoweka kabisa katika kizazi cha kwanza kisha ukarudi bila kupungua wala kuchujuka. Maana yake, kila mmea una nakala mbili za jeni, na kila seli ya uzazi huchukua moja tu kwa bahati. Baadaye, watafiti walipozichunguza kwa hadubini mbegu laini za chotara, waliona punje za wanga zenye umbo lililo kati ya wazazi wawili. Kwa macho, ulaini unatawala. Kwa hadubini, hakuna anayetawala.

Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, inalionyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Mwaka 1949, James Neel nchini Marekani na E. A. Beet, daktari aliyekuwa Rhodesia ya Kaskazini, walifikia kila mmoja kwa njia yake hitimisho lile lile: mgonjwa amerithi aleli S, yaani toleo la jeni linalosababisha ugonjwa huo, kutoka kwa wazazi wote wawili. Kipimo cha enzi hizo kilikuwa rahisi. Tone la damu liliwekwa juu ya kioo, likafunikwa kwa kioo chembamba, na kingo zikazibwa kwa vaselini ili hewa isipenye. Oksijeni ilipopungua, chembe nyekundu zenye S zilipinda. Zilipinda za mgonjwa, na zilipinda pia za baba na mama yake, ambao hawakuwa na maradhi yoyote.

Je, S inatawala au inajificha? Ukiuliza kioo chenye vaselini, inatawala, kwa kuwa nakala moja inatosha kupindisha chembe. Ukiuliza wodi ya watoto, inajificha, maana mwenye nakala moja kwa kawaida haugui. Linus Pauling na wenzake, mwaka huo huo wa 1949, walipitisha umeme katika hemoglobini ya wabebaji, yaani wenye S moja na aleli moja ya kawaida, A (AS), wakakuta aina zote mbili zikionekana bega kwa bega. Kisha Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka 1954 ushahidi kwamba wenye AS wanakingwa zaidi dhidi ya malaria kuliko wenye AA. Ndiyo maana aleli hii imeenea pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni adimu katika nyanda za juu za Kenya. Mbele ya malaria, mchanganyiko AS unawashinda wenye AA na wenye SS. Majibu ni manne, ilhali kanuni ya kurithisha haikuguswa: mzazi mwenye AS huweka S katika nusu ya seli zake za uzazi, basi.

Mpangilio huru nao una mfano wake hapa kwetu. Jeni ya selimundu iko kwenye kromosomu ya 11, na zile za thalasemia ya alfa, hitilafu nyingine ya kurithi ya hemoglobini, ziko kwenye ya 16, hivyo hurithiwa kila moja kivyake. Utafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila moja peke yake humkinga mtoto dhidi ya malaria kali, lakini zikikutana kwa mtoto mmoja kinga hiyo hupotea. Kurithiwa ni huru. Kufanya kazi mwilini si huru.

Madhara ya kuweka utawala mbele na uwezekano nyuma huonekana pale wazazi wawili wenye AS wanapoambiwa kwamba “robo” ya watoto wao wataugua. Wengi huelewa kwamba mtoto mmoja akishaugua, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Kila mimba ina uwezekano ule ule wa asilimia 25. Kati ya familia kama hizo zenye watoto wanne, takriban 32 katika kila 100 hazitapata mgonjwa hata mmoja, na hizo hazifiki kliniki. Zinazofika ni zilizobaki, na ndani yake wagonjwa ni zaidi ya theluthi ya watoto. Muuguzi anayehesabu wanaokuja tu ataona kama sheria imekosea, na bibi mwenye wajukuu wawili wagonjwa ataanza kutafuta mchawi, au atamgeukia mkwewe. Kumbe mtoto mwenye SS ni ushahidi kwamba S moja imetoka kwa baba na moja kwa mama.

Mtaala uanze na utengano na uwezekano, na utawala uhamishiwe kwenye sura inayoeleza jinsi jeni zinavyofanya kazi ndani ya seli. Na mtahini ampe mwanafunzi familia moja yenye AS na AS, amtake atabiri matokeo ya kipimo cha kioo, cha umeme na cha daktari, kisha aeleze kwa nini majibu matatu yanatofautiana wakati uwiano wa jeni ni ule ule.