Bustani ya Watoto: Mbegu Iliyobebwa na Wakimbizi



Shule ya chekechea ilianza na bustani. Friedrich Fröbel, mwalimu wa Ujerumani, aliifungua ya kwanza mjini Blankenburg mwaka 1837, na mwaka 1840 akaiita Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Kila mtoto alikuwa na kitalu chake, kando ya vitalu vya wote. Mwaka 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule hizo hadi 1860. Hata hivyo hazikufa. Bertha na Johannes Ronge, waliokimbia Ujerumani, walifungua yao London mwaka 1851. Margarethe Schurz, mke wa mkimbizi, alifungua nyingine Watertown, Marekani, mwaka 1856.

Habari hiyo twaielewa. Hapa Rubavu, zamani Gisenyi, kambi ya Mudende ilishambuliwa Agosti na Desemba 1997. Walionusurika walipelekwa Gihembe, Byumba, wakaanza upya.

Wazee wetu wa Masisi na Rutshuru walikuwa wakulima na wafugaji. Mtoto aliyezaliwa kambini huyajua maharagwe ya gunia tu. Akiitia punje moja katika kopo la udongo wenye unyevu, atahesabu siku, ataona mzizi ukishuka kabla majani hayajapanda. Hapo amejifunza hesabu na sayansi, na kazi ya babu yake pia.

Hatuombi mashamba. Tunaomba makopo matupu, na kila mama ambakizie mwanawe punje tano kabla ya kupika.